Tochi ya Kupimia Mayai

4 Februari

Mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Pokea salamu za bibi yako. Mimi mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. Kuanzia kiunoni kwenda chini usiniulize, magoti yameanza kuwa na maneno yao. Mjomba wako ameezeka upya banda la kuku, amelipiga misumari utadhani lilikuwa na mpango wa kutoroka. Shangazi yako aligombana na majirani, wakapatana, sasa amegombana na mimi. Anayekuandikia ni yule yule fundi cherehani wa mlango wa pili. Anakusalimu. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinitie manukato.

Ile simu uliyoninunulia usiipige. Nasikia upepo tu na mtu anaita halo, halo, kama amepotelea porini. Barua nasomewa, na nikitaka nasomewa tena.

Sasa nikuulize. Tumbo linaendeleaje? Mtoto anapiga teke? Unakula? Huko kwenye udobi bado wanakusimamisha kutwa mbele ya pasi? Mwambie msimamizi wako bibi amesema akuwekee stuli, na kama stuli hakuna akupe kiti chake.

Jambo la pili, nataka tochi. Ile ya zamani inakula betri nene peke yake, na duka la hapa leo lina nene, kesho lina zile za saa ya ukutani, keshokutwa hakuna kitu ila nyembamba za rimoti. Betri zikachoka, mwanga ukawa wa njano kama chai iliyochujwa mara tatu, na mimi kwa ubishi wangu nikapima nao mayai ya yule kuku mwekundu. Unajua ninavyopima. Nafunga mlango wa stoo, naziba dirisha kwa shuka, naweka yai kwenye mdomo wa tochi. Yai zima lina mishipa inayotawanyika kama mizizi, na ukituliza mkono unaona kitu kinatikisika. Yai lililokufa ni doa jeusi, kimya, halina mizizi. Hilo unalitoa mapema kabla halijapasuka likaharibu mengine. Basi kwa mwanga ule mimi nikaona meusi matupu. Nikayatoa yote nikayamwaga nyuma ya banda. Yakapasuka. Vifaranga vilikuwa hai mle ndani. Nilikaa juu ya ndoo nisiweze kuinuka, na unanijua, mimi si mtu wa kulilia kuku.

Kwa hiyo nataka tochi ndogo, ikae ndani ya ngumi, mdomo wake usizidi yai, mwanga wake mweupe, na itumie betri yoyote nitakayoipata: ya saa, ya rimoti, ya kuchaji, hata ya kuazima. Muulize mume wetu fundi bomba, maana yeye anashinda chini ya masinki na tochi mdomoni.

Nimemaliza, mkono wa fundi umechoka na mdomo wangu bado.

Bibi yako


19 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepunguza maneno. Msalimie mjomba, na shangazi kama mmepatana, na fundi pia. Sisi huku tupo. Kazi ipo. Mume wangu yuko kwenye jengo jipya wanafunga mabomba, anaondoka mapema anarudi amechoka. Mvua zimeanza. Samahani nimechelewa kujibu.

Kuhusu tochi. Nimepita maduka yote ya mtaa wa vifaa vya umeme. Ya kwanza muuzaji aliapa inakula betri zote za dunia. Ni kweli, ndani ina vyumba vyumba, kila betri na chumba chake. Lakini ni kubwa kama chupa ya chai, na mdomo ni mpana kama sahani ya kikombe. Yai lingeingia ndani yake likapotea. Ya pili ni ndogo kama kidole gumba. Inakula betri moja ya saa, au moja ya kuchaji ya ukubwa huo huo. Ya rimoti inaogelea mle ndani, haigusi pande zote mbili, haiwaki. Ya tatu ina kikopo cha plastiki unachopangia tatu za rimoti, na ukikitoa unaweka moja nene ya kuchaji. Lakini ya saa haikubali kabisa.

Muuzaji aliniambia, "Dada, tochi ni tochi, chukua uende." Nikamwambia si kweli. Kesho yake nikarudi. Akacheka, akasema, "Umerudi kunioa?" Nikamwambia aniwashie tena ya pili na ya tatu, nizitazame kwa pamoja. Aliniwashia.

Sijaamua bado. Naomba uniambie, hapo dukani ni zipi zinazopatikana zaidi, za saa au za rimoti?

Huku hakuna jipya.

Mjukuu wako


2 Aprili

Mjukuu wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Yule kuku mwekundu amelalia tena, hana kinyongo. Mjomba wako ameng'oa misumari nusu kwa sababu mlango wa banda haukufunguka, na kuku walikuwa ndani. Shangazi yako tumepatana, nasubiri kuona itadumu hadi lini.

Dukani za saa ndizo nyingi, za rimoti zinakuja zikiisha za saa. Sasa umejua.

Lakini wewe mwanamke, nilikuuliza mambo mawili ukanijibu moja. Barua nimesomewa mara ya kwanza nikasema labda fundi ameruka mstari. Nikasomewa ya pili. Nikamwambia geuza nyuma tuone kama kuna maneno. Nyuma ni kweupe. Nimeuliza tumbo, nimeletewa betri. Nimeuliza kama unakula, nimeambiwa mvua zimeanza. Tangu lini wewe ukawa mtu wa kuniandikia habari za mvua?

Fundi amekata vigauni kwenye vitambaa vilivyobaki, vya manjano na vyeupe, kwa kuwa hatujui ni wa kike au wa kiume. Anauliza shingo aifanye ya vifungo au ya kufunga kwa kamba. Mimi nimesema kamba, vifungo watoto wanameza. Lakini mama ni wewe, useme wewe. Mwezi wako umekaribia, na vitu vya mtoto havishonwi mtoto akiwa analia.

Nijibu upesi, na unijibu nilichouliza.

Bibi yako asiyelala vizuri


11 Mei

Bibi yangu,

Shikamoo. Nafurahi mmepatana na shangazi. Mume wangu anakusalimu sana.

Tochi nimeituma kwa basi, karani wa mizigo wa stendi yenu atakupa. Ni ile ya pili, ndogo. Kwa kuwa umesema za saa ndizo nyingi, hiyo ndiyo inayofaa. Nilimwambia mume wangu kwamba haikubali za rimoti, akaichukua mkononi akaigeuzageuza. Asubuhi nilikuta ameiacha mezani na kipande cha bomba jembamba alichokikata kwa msumeno, na nati moja. Betri ya rimoti unaitia ndani ya hicho kibomba, unaweka nati kwa nyuma ili urefu utimie, ndipo unaingiza vyote kwenye tochi. Inawaka. Usipoteze nati.

Nimezijaribu betri zote ili uwe na uhakika. Siku ya kwanza niliweka ya saa, nikaiweka tochi juu ya kabati ikitazama ukuta, nikakaa kitandani. Iliwaka tangu mume wangu anaondoka. Wanafunzi walipokuwa wanapita chini kurudi kwao ndipo ilipoanza kufifia, polepole, mpaka ikabaki doa. Siku ya pili niliweka ya kuchaji. Hiyo ni kali zaidi, ukuta unaonekana mpaka alama za brashi ya rangi, lakini haififii. Inazima ghafla tu, bila kutoa taarifa. Siku ya tatu niliweka ya rimoti na kibomba chake. Hiyo haifiki mbali. Kwa mayai naona bora ya saa, kwa sababu ikianza kuchoka utaiona inavyochoka, hutadanganyika tena.

Nguo usitume. Mwambie fundi asijisumbue na shingo.

Mjukuu wako


25 Mei

Mjukuu wangu,

Marahaba. Tochi imefika, kibomba kimefika, nati nimeifunga kwenye ncha ya kitambaa changu. Mwambie mume wetu mikono yake na ibarikiwe. Mwanga mweupe kama maziwa, yai linaonekana hadi ndani ya ndani. Ila ungenionya kwamba ukibonyeza mara mbili inaanza kupepesa kama gari la polisi. Kuku waliruka wote kwa pamoja, mmoja ameingia jikoni kwa shangazi yako na kutua kwenye unga, na ule upatanisho ndio umeishia hapo.

Sasa nisikilize. Barua yako nimesomewa mara nyingi mpaka fundi amesema anaijua kwa kichwa. Siku tatu umekaa kitandani unatazama tochi ikiwaka ukutani. Asubuhi mpaka jioni. Nikajiuliza, ni udobi gani huo unaompa mtu siku tatu za kutazama ukuta? Mtu aliye kazini hajui wanafunzi wanapita saa ngapi chini ya dirisha lake. Na mtu mwenye mtoto mchanga hajui chochote, hata jina lake anasahau. Mwezi wako umekuja na umepita. Mimi shule sikwenda, lakini miezi ya mimba haifundishwi darasani.

Sikulazimishi. Nakuambia tu kwamba najua kuna kitu, na kwamba kutonijibu hakutanifanya nisijue.

Labda kuna maneno hutaki yapite mdomoni mwa fundi. Ni haki yako. Fundi ni mwema, lakini ana wateja, na wateja wana masikio. Basi fanya hivi. Yaandike kwenye karatasi ya peke yake, ikunje, ishone pembeni kwa uzi. Nitaichukua ikiwa imeshonwa, niende nayo mwenyewe stendi kwa karani wa mizigo. Nimemwona mara moja tu nilipochukua tochi, simjui na yeye hanijui. Ataisoma mara moja pale dirishani, nitaitia kifuani, nitaondoka.

Bibi yako

(Nimeandika yote alivyosema. Mimi fundi sijachukia, dada. Nguo nimezitoa mezani.)


30 Juni

Wewe karani, au yeyote unayesoma hii, soma polepole na kwa sauti. Masikio yake ni mazito. Asante.

Bibi,

Shikamoo. Sina salamu nyingine.

Mtoto alikufa tumboni, mwezi wa Februari, kabla ya barua yako kufika. Nilikuwa kazini. Nikagundua kwamba tangu asubuhi hakuwa amepiga teke, na jana yake sikukumbuka kama alipiga. Nikamalizia shuka zilizokuwa mbele yangu kwa sababu gari la hoteli lilikuwa linazisubiri. Kisha nikaenda hospitali. Yule mpimaji alinipaka dawa ya baridi tumboni, akapitisha kile chombo, akatazama skrini, kisha akaigeuza upande wake. Alisema anamwita daktari.

Nilimzaa kama wanavyozaliwa wengine. Hilo sikujua. Nilidhani kuna njia nyingine.

Nilipotoka hospitali barua yako ilikuwa mezani. Nilisoma pale uliposema yai lililokufa ni doa jeusi na halina mizizi. Nikaisoma tena. Bibi, hukujua, sikulaumu. Nilichofikiri wakati ule ni kwamba lazima nikutafutie tochi nzuri. Nilivaa viatu nikaenda dukani siku ile ile. Mume wangu alishangaa. Ilikuwa ni kazi, na mimi nilitaka mtu anipe kazi. Zile siku za kutazama betri zilikuwa nzuri. Nilijua nasubiri nini.

Kazini walinipa ruhusa, ilipoisha sikurudi. Sijalia. Nangoja kulia kama mtu anayengoja kupiga chafya, haiji. Chakula kina ladha ya karatasi. Mume wangu hasemi. Aliuliza mara moja tu, siku ile, kama nilimwona. Nikamwambia walimchukua kabla sijamwona. Akasema basi, ni afadhali. Hatujasema tena. Anatengeneza vitu. Ametengeneza kila bomba la nyumba hii, sasa anatengeneza ya majirani.

Watu wananiambia mimi bado kijana.

Mjukuu wako


8 Julai

Mjukuu wangu,

Marahaba, mwanangu, marahaba.

Mwandiko huu ni wa karani wa mizigo. Alikuwa anataka kuanza na "kwa masikitiko makubwa" nikamwambia futa, hii si ya serikali.

Alinisomea pale dirishani. Alipofika kwenye shuka za hoteli akanyamaza. Nikamwambia, "Baba, soma, sikuja hapa kusikiliza ukimya wako." Akasoma. Mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Bibi, na wengine tuna mizigo." Nikamgeukia nikamwambia, "Na huu ndio wangu, subiri." Akasubiri. Karani alipomaliza alifunga dirisha, akatoka kwa mlango wa nyuma, akaniletea kiti chake. Ndicho nilichokalia sasa.

Maneno yale ya mayai niliyasema mimi. Hayarudi mdomoni. Ningeweza ningeyatafuna.

Hujalia. Usilie basi. Nani amekuwekea zamu? Mimi mtoto wangu wa pili alipokufa, kaka wa mama yako ambaye hukumjua, nilifagia ua. Asubuhi nafagia, mchana nafagia, hakuna hata jani moja. Babu yako akaja akasema, "Mke wangu, udongo umekwisha, unafagia mwamba." Nikamwambia nipishe. Machozi yalikuja baadaye sana, tena kwa sababu ya kijinga, nilichemsha maziwa yakamwagika. Kwa hiyo tazama betri zako. Nikuombe hata redio nikupe kazi nyingine? Nitakuomba. Nina saa mbovu, pasi mbovu na shangazi mbovu.

Anayekuambia bado kijana, mwambie bibi yangu amesema ufunge mdomo. Mwambie hivyo hivyo.

Ukitaka nije, nitakuja na magoti haya haya. Ukitaka nikae huku, nitakaa.

Sasa nina swali. Najua hakuna aliyekuuliza, watu wanadhani kuuliza ni kuumiza. Alikuwa wa kike au wa kiume? Na mimi nakujua tangu ulipokuwa unaficha maembe mabichi chini ya mto huku umenikazia macho, kwa hiyo nauliza na la pili. Ulimwona, siyo? Alikuwaje? Usiniambie walimchukua. Hayo umemwambia mume wako. Mimi ni bibi yako na yule ni kitukuu changu, nataka kumjua.

Usijibu upesi. Lakini jibu.

Bibi yako, hapa kwenye kiti cha watu


14 Septemba

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nyingi. Hii sijaishona, asome yeyote, fundi au karani, msalimie yeyote atakayeisoma.

Alikuwa wa kike.

Nilimwona. Muuguzi aliniuliza kama nataka, akasema wengi hawataki, nikasema nataka. Alimfunga kwenye taulo la kijani la hospitali, la kufutia mikono, kwa sababu nguo sikwenda nayo. Alikuwa mzito kuliko nilivyofikiri. Nywele zilikuwa nyingi na zimelala upande mmoja kama za mtu aliyeamka. Mdomo wa chini ulikuwa wako, Bibi, ule unaotokeza kama unataka kubisha. Alikuwa na kucha. Sikujua kwamba wanakuwa na kucha tayari. Nilizitazama zote, mkono wa kulia kisha wa kushoto, moja moja, na zilikuwa zimekamilika, hakuna iliyopungua. Kisha muuguzi akasema basi, nikampa.

Nilimdanganya mume wangu kwa sababu alipofika alikuwa na matope ya kazini hadi magotini, alikuwa amekimbia, na alikuwa amechelewa. Nikaona nikisema nilimwona, atajua kwamba yeye hakumwona.

Naandika hapa mezani. Yeye leo yupo, jengo limekwisha, anangoja waitwe kwingine. Amepita mara mbili nyuma yangu na kikombe. Ameniuliza naandika nini. Nikasema namwandikia Bibi. Akauliza, "Tochi imeharibika?" Nikasema hapana.

Nikampa karatasi hii, ikiwa imeandikwa mpaka hapo juu.

Ameisoma amesimama. Kisha amekaa sakafuni, pale pale alipokuwa, na kikombe mkononi. Sasa ameniambia nimsomee mwenyewe, pale penye kucha. Nimemsomea. Amesema tena. Nimemsomea tena.

Anataka nimwoneshe kwa vidole zilikuwa ndogo kiasi gani. Naweka kalamu chini.